Dara Rasmi: Rehani ya Lan Na katika Kasri la Bangkok

Majuma machache yaliyopita, katika semina ya mwaka wa tatu, niliwaonyesha wanafunzi wangu picha moja ya kale. Mwanamke amesimama mbele ya kioo, amevaa sketi ndefu ya kufumwa kwa mkono, na nywele zake zimeachwa zishuke mgongoni hadi chini ya kiuno. Niliwaambia kwamba jina lake ni Dara Rasmi, na kwamba aliishi katika kasri la mfalme wa Siam, nchi tunayoiita leo Thailand. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono: "Dokta, huyu alikuwa malkia au suria?" Nilimjibu upesi kwamba alikuwa suria, kisha nikaendelea na mada ya siku hiyo, ambayo ilikuwa mikataba ya biashara ya karne ya 19.

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilitambua kwamba nimemjibu vibaya. Zaidi ya hayo, niligundua kwamba mada niliyoikimbilia, yaani ile mikataba, na swali nililolipuuza, vilikuwa ni jambo moja. Makala haya ni jitihada ya kulipa deni hilo, na kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wengi ni wanafunzi na watumishi wa umma, naamini hawatachukia kusafiri nami hadi Chiang Mai.

Nianze na neno lenyewe. Sisi wa pwani na visiwani tuna historia nzito na neno suria. Kwa desturi ya Zanzibar ya akina Sayyid Said, suria alikuwa mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake; akimzalia, mtoto yule ni huru na ni mwana halali wa baba yake. Sayyid Majid alikuwa mwana wa suria, Sayyid Barghash vilevile, na dada yao Salme, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alizaliwa na mama Mcherkasi aliyeletwa nchini kama mtumwa. Kwa hiyo Mswahili akisikia "suria wa mfalme" hujenga picha ya mwanamke aliyenunuliwa, asiye na ukoo unaomfuata nyuma, anayeipata heshima yake kupitia tumbo lake.

Siam haikuwa hivyo. Wengi wa wanawake walioingia katika kasri la Bangkok walitoka katika koo kubwa zilizojulikana. Walitolewa na baba zao. Waziri alimtoa binti, gavana wa jimbo alimtoa binti, mtawala wa nchi ndogo inayolipa kodi alimtoa binti. Na kila binti alipoingia, ukoo wake ulipata sikio ndani ya kasri, na kasri likapata dhamana juu ya ukoo huo. Ukoo wa Bunnag, uliotawala wizara za Siam kwa vizazi, ulikuwa na mabinti wengi humo. Mfalme Chulalongkorn, aliyetawala kuanzia 1868 hadi 1910, alikuwa na wake wa ngazi zote wapatao 150, na watoto 77. Mtu akizitazama namba hizo kwa jicho la udaku ataona tamaa tu. Mtu akizisoma kwa jicho la mwanasiasa ataona orodha ya koo na majimbo, yaani namna ya serikali kabla Siam haijawa na wizara za kisasa na magavana wa kuteuliwa.

Wake hao walipangwa kwa ngazi. Juu kabisa walikuwa malkia, ambao kwa Chulalongkorn walikuwa dada zake wa baba mmoja, watoto wa Mfalme Mongkut. Chini yao walikuwepo wanawake walioitwa *chao chom*. Akizaa mtoto wa mfalme, *chao chom* aliongezewa neno *manda*, maana yake mama, na hadhi yake ikapanda. Neno hilo moja lilikuwa pia kufuli. Mfalme Mongkut alikuwa ametangaza kwamba wanawake wa kasri wasiotaka kuendelea kukaa humo wangeweza kuomba kuondoka wakaolewe kwingine, lakini ruhusa hiyo haikuwahusu waliokwisha kumzalia mfalme. Mama wa mwanamfalme hakuwa na mlango wa kutokea.

Mahali walipoishi paliitwa Fai Nai, Upande wa Ndani. Ulikuwa mji ndani ya kuta za Kasri Kuu, na wanahistoria wengi hutaja wakazi wapatao 3,000, wote wanawake na watoto: wake wa mfalme, binti zake, watumishi wao, wapishi, walimu, mafundi wa mashada ya maua na manukato. Hata askari wa malango walikuwa wanawake. Mwanamume mtu mzima hakuingia isipokuwa mfalme mwenyewe, au daktari au fundi aliyesindikizwa. Kulikuwa na masoko, na kesi za humo ziliamuliwa humo. Familia za kifahari zilipeleka wasichana wao wakalelewe huko kama vile leo watu wanavyopeleka watoto shule ya bweni yenye jina.

Ulimwengu wa nje uliujua mji huo kupitia kalamu ya Anna Leonowens, mwalimu aliyewafundisha watoto wa Mongkut katika miaka ya 1860 na baadaye akaandika vitabu vilivyojaa minyororo, machozi na mateso. Kutokana na vitabu hivyo yakaja maigizo ya jukwaani na filamu ya mwaka 1956, ambayo Thailand iliipiga marufuku. Ninavitaja kwa sababu moja tu. Wanafunzi wangu walipotazama ile picha ya mwanamke mbele ya kioo, tayari walikuwa na huruma iliyokwisha kuandaliwa na mtu mwingine.

Sasa twende kaskazini. Chiang Mai ulikuwa mji mkuu wa Lan Na, ufalme wenye lugha yake, maandishi yake na mavazi yake. Kwa zaidi ya karne mbili Lan Na ilikuwa chini ya Waburma, na mwishoni mwa karne ya 18 ukoo wa Kawila uliwafukuza kwa msaada wa Siam. Tangu hapo mtawala wa Chiang Mai alipeleka Bangkok, kila baada ya miaka mitatu, miti midogo iliyotengenezwa kwa dhahabu na fedha kuwa ishara ya utii. Utii huo ulikuwa wa mbali. Ndani ya nchi yake mtawala alihukumu, alitoza, aliua na alisamehe apendavyo. Babu yake Dara Rasmi kwa upande wa mama, Kawilorot, aliogopwa kiasi cha kuitwa bwana wa uhai, na mwaka 1869 aliamuru kuuawa kwa wawili miongoni mwa Wakristo wa kwanza waliobatizwa na wamisionari wa Kimarekani.

Dara Rasmi alizaliwa Chiang Mai tarehe 26 Agosti 1873. Jina lake maana yake ni miale ya nyota. Msomaji asidanganyike na sauti, *rasmi* hii imetoka Kisanskriti, wala haina undugu na rasmi yetu ya ofisini. Baba yake alikuwa Inthawichayanon, mtawala wa Chiang Mai, lakini waliowahi kuandika juu ya kasri lile wanakubaliana kwamba mwenye nguvu alikuwa mama yake, Thip Keson, binti mkubwa wa Kawilorot. Mume aliupata utawala kupitia mke. Mtoto huyo alikulia katika nyumba ambamo mwanamke alikaa kwenye baraza la mambo ya nchi, akasikiliza, akaamua.

Na mambo ya nchi yalikuwa miti. Milima ya Lan Na ilikuwa imejaa misaji, mitiki kama wengi wetu tunavyoiita, mti uleule uliokuja kupandwa kwetu Longuza na Mtibwa. Meli zilitaka mbao hizo, na wakata miti waliotoka Burma, ambao kwa sheria walikuwa raia wa Uingereza, walipewa vibali na watawala wa Chiang Mai. Mara nyingine msitu mmoja ulikodishwa kwa watu wawili. Waliodhulumiwa walikwenda kulalamika kwa balozi wa Uingereza huko Bangkok, kwa kuwa mkataba wa Bowring wa mwaka 1855 uliwapa raia wa Uingereza haki ya kulindwa na taifa lao. Inthawichayanon alijikuta akilazimishwa kulipa fidia kubwa, na Bangkok ikamkopesha fedha. Hapo ndipo kamba ilipoanza kukazwa. Mikataba miwili ya Siam na Uingereza kuhusu Chiang Mai, wa 1874 na wa 1883, iliingiza mahakimu na makamishna wa Bangkok katika nchi ambayo hapo kabla haikuwajua. Mwaka 1884 Uingereza ikaweka makamu wa balozi mjini Chiang Mai.

Katika miaka hiyohiyo ulizuka uvumi kwamba Malkia Victoria alitaka kumchukua binti wa mtawala wa Chiang Mai awe mwanawe wa kulea. Uvumi una nguvu zake katika siasa. Bangkok haikuweza kukaa ikisubiri kujua kama habari hiyo ina mguu au haina. Mwaka 1883, Dara Rasmi alipofikia umri wa sherehe ya kukata kishungi, yaani utoto unapoagwa, Chulalongkorn alimpelekea hereni na pete ya almasi. Hakuna mtu wa Chiang Mai aliyehitaji kufasiriwa maana ya zawadi ile. Mama yake alifariki mwaka uliofuata.

Mwishoni mwa 1885 majeshi ya Uingereza yaliingia Mandalay na kumng'oa Mfalme Thibaw. Tarehe 1 Januari 1886 Burma ya juu ilitangazwa kuwa mali ya dola ya Uingereza. Mpaka wa Lan Na ukawa mpaka na himaya kubwa kuliko zote duniani. Mwaka huohuo, Dara Rasmi, msichana wa miaka kumi na miwili, alishuka na mtawala baba yake hadi Bangkok, akaingia Upande wa Ndani akiwa *chao chom*. Mwaka huo wa 1886 ni mwaka ambao Waingereza na Wajerumani walikaa na ramani wakampimia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi wa pwani na kumwambia huo ndio wako. Sultani hakuwa na chombo cha kujibu. Chulalongkorn alikuwa nacho, na sehemu ya chombo hicho ilikuwa mtoto wa watu.

Natumia neno kali kwa makusudi. Maandiko mengi ya kitalii huandika ndoa hii kama mapenzi ya kaskazini na kusini. Mapenzi huenda yalikuja; miaka 24 ni mingi, na ushahidi wa heshima ya mfalme kwake upo. Lakini aliyepelekwa alikuwa rehani. Mwenye kuweka rehani hubaki na jina la kumiliki, na mwenye kuishika hulala usingizi.

Maisha ya humo hayakuwa rahisi. Wanawake wa Bangkok wa zama hizo walikata nywele fupi na kuvaa nguo iliyopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Dara Rasmi na wanawake aliokuja nao waliacha nywele ndefu, wakazifunga kisogoni, wakavaa sketi za kufumwa za kwao, wakasemezana kwa lugha ya kwao. Wenyeji waliwaita Walao, neno ambalo kinywani mwa mtu wa Bangkok lilikuwa na maana ya mshamba, na wakawadhihaki kwamba wananuka samaki wa kuvundikwa, kitoweo cha kaskazini. Msomaji aliyewahi kupelekwa shule ya bweni mbali na kwao, akachekwa kwa lafudhi, haitaji maelezo zaidi.

Kilichonivutia mimi ni kwamba hakubadilika. Angeweza. Kukata nywele kungemgharimu dakika chache na kungemwondolea kejeli za miaka mingi. Wapo wanaosema kwamba mfalme mwenyewe alipenda abaki vilevile, kwa kuwa mke aliyevaa mavazi ya Lan Na alikuwa tangazo linalotembea: tazameni, nchi ile ni yangu. Leslie Castro-Woodhouse, mwanahistoria aliyemwandikia kitabu kizima mwaka 2020, anaonyesha jinsi tofauti hiyo ilivyolifaa kasri lililotaka kujionyesha kuwa ni himaya yenye watu wa aina nyingi. Nakubaliana naye. Hata hivyo naona lazima tuongeze kwamba kitu kinachomfaa mtawala kinaweza pia kumfaa anayetawaliwa. Nywele zilezile zilizomwambia balozi wa Uingereza kwamba Lan Na ni ya Siam ziliwaambia wanawake wa Chiang Mai waliomo humo kwamba Lan Na bado ipo.

Tarehe 2 Oktoba 1889 alimzaa binti, Vimolnaka Nabisi. Akawa *chao chom manda*. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wa mtawala wa Chiang Mai na mwana wa mfalme wa Siam kwa wakati mmoja, na hakuna mkataba uliowahi kuziunganisha nchi hizo mbili kwa namna hiyo. Alifariki Februari 1892, kabla hajatimiza miaka miwili na nusu. Inasimuliwa kwamba mfalme alijilaumu kwa kutompa mtoto ile daraja ya juu ya wanawafalme ambayo kwa ukoo wa mama yake alistahili. Inasimuliwa pia kwamba Dara Rasmi aliziharibu picha zote alizopigwa akiwa na mume na mtoto. Hakupata mtoto mwingine.

Hapa mwanahistoria wa siasa hutua kidogo, kisha husonga mbele. Mimi nilikwama siku nzima. Tunaandika kuhusu "kushindwa kwa mkakati wa kuunganisha nasaba" na sentensi hiyo ni sahihi. Lakini mwanamke wa miaka 18 alikaa chumbani akichana picha, na nyaraka tulizonazo ni zile alizoziacha yeye bila kuchana. Pengo katika hifadhi ya picha lina mwandishi wake.

Baada ya kifo cha mtoto, Bangkok ilichukua njia nyingine. Mwaka 1892 Chulalongkorn aliunda wizara za kisasa, na Prince Damrong, ndugu yake, akakabidhiwa Mambo ya Ndani. Majimbo yaliwekwa chini ya makamishna. Mwaka 1896 ikaundwa Idara ya Misitu, mkuu wake wa kwanza akiwa Mwingereza, Herbert Slade, aliyetoka utumishi wa misitu wa Burma, na misitu ya mabwana wa kaskazini ikahamia mikononi mwa serikali. Inthawichayanon alifariki mwaka 1897. Mlima mrefu kuliko yote nchini Thailand, Doi Inthanon, wenye mita 2,565, umebeba jina lake. Mabaki yake yaliwekwa kileleni. Mwanawe aliyerithi alikuta cheo kipo na mamlaka yamekwenda. Mwaka 1902 Washan wa Phrae waliasi, wakaua maofisa wa Bangkok, na mtawala wa Phrae akakimbilia Luang Prabang. Chiang Mai haikuasi. Siwezi kusema kwamba haikuasi kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekaa ndani ya kuta za Bangkok, ila kila mtu wa ukoo wake aliyewaza kuinua silaha alijua yuko wapi dada yao.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watatambua mfumo huu. Takwimu, mahakimu, wakusanya kodi, afisa misitu, na juu yao mtu anayetoka makao makuu ambaye hajui lugha ya wenyeji. Siam inajivunia, na ina haki ya kujivunia, kwamba haikutawaliwa na Wazungu. Wanafunzi wangu hupenda sana kuitaja wakitaka mfano wa taifa lililookoka. Lakini muulize mtu wa Chiang Mai wa mwaka 1900 ambaye msitu wake umepewa kampuni kwa sahihi ya ofisa wa Bangkok, umwambie nchi yake haikutawaliwa. Ili isimezwe, Siam ilimeza.

Jukwaani mambo yalisemwa wazi zaidi kuliko kwenye nyaraka. Mwaka 1907 Chulalongkorn, akiwa ziarani Ulaya, alitazama *Madama Butterfly* mjini Paris. Aliporudi, ndugu yake Prince Narathip aliigeuza hadithi hiyo kuwa tamthilia ya kuimbwa iitwayo *Sao Khruea Fa*. Mahali pa Japani pakawekwa Chiang Mai. Mahali pa afisa wa Kimarekani akawekwa askari wa Bangkok. Mahali pa msichana wa Kijapani aliyeachwa akawekwa msichana wa kaskazini. Watu wa Bangkok waliipenda mno. Nashangaa kila nikifikiri kwamba mji mkuu ulijiweka wenyewe, kwa hiari yake na kwa nyimbo, mahali pa Mzungu katika hadithi ile, na kwamba ndani ya kasri alikuwamo mwanamke aliyeweza kusikia kila neno.

Februari 1909, baada ya miaka zaidi ya ishirini, aliruhusiwa kwenda kwao kutembea. Wakati wa kuondoka mfalme alimpandisha daraja hadi Phra Ratchachaya, cheo kilichomweka miongoni mwa wake wakuu wa mfalme. Aliondoka Bangkok kwa treni, kisha kwa mashua dhidi ya mkondo wa mto Ping, safari ya majuma mengi, kwa kuwa reli haikufika Chiang Mai hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ipo simulizi mashuhuri kwamba katika kuagana alifungua nywele zake ndefu akaifuta nazo miguu ya mfalme, kwa desturi ya kaskazini ya kutoa heshima ya juu kabisa. Kwa watu ambao kichwa ni kitakatifu na mguu ni najisi, tendo hilo linasema mengi. Wengine huliona ni unyonge. Mimi naona kwamba aliagana na mfalme wa Siam kwa lugha ya mwili ya Lan Na, na kwa nywele zilezile zilizochekwa.

Alichokifanya alipofika ndicho kinanifanya nimwite mwanasiasa. Majivu ya watawala wa Chiang Mai na jamaa zao yalikuwa yametawanyika mahali mbalimbali. Aliyakusanya yote, akayajengea makaburi meupe yenye umbo la stupa katika uwanja wa hekalu la Wat Suan Dok, yakapangwa pamoja. Yapo hadi leo. Wakati ambapo cheo cha ukoo wake kilikuwa kinageuzwa kuwa posho ya mwezi, yeye aliupa ukoo huo mahali pa kuonekana. Miongoni mwa majivu aliyoyaweka hapo yalikuwamo sehemu ya majivu ya Vimolnaka.

Alirudi Bangkok baadaye mwaka huo. Chulalongkorn alifariki tarehe 23 Oktoba 1910. Mjane aliendelea kukaa kasrini hadi 1914, alipomwomba Mfalme Vajiravudh ruhusa ya kurudi kwao. Alikuwa na miaka 40. Mama wa mwanamfalme, ambaye zamani hakuwa na mlango, aliufungua kwa barua ya maombi.

Miaka kumi na tisa iliyobaki ilikuwa ya kazi. Alikusanya wafumaji na kuwafundisha wasichana ufumaji wa sketi za kaskazini zenye pindo la mapambo, ufundi uliokuwa ukififia. Alipanga upya ngoma na muziki wa Chiang Mai, akichanganya alichokikuta nyumbani na alichojifunza Bangkok, na mwaka 1927 Mfalme Prajadhipok alipofika mjini humo, wachezaji waliompokea walikuwa wa mkono wake. Huko Mae Rim, nje ya mji, alikuwa na shamba la majaribio alilofundishia wakulima mazao mapya, na waridi la rangi ya pinki alilolipa jina la Chulalongkorn. Shule ya wamisionari aliyoisaidia inaitwa Dara mpaka leo. Sijui afisa ugani gani wa wakati ule angefanya zaidi.

Ukumbi wa semina unanikumbusha pia upande wa pili. Wapo wenzangu wanaosema kwamba ngoma anazosifiwa kuzihifadhi zilinyooshwa ziwapendeze wageni kutoka Bangkok, na kwamba utamaduni wa Lan Na tunaouona leo kwenye mabango ya utalii ni ule uliopita katika chujio la kasri. Hoja hiyo ni ya kweli. Mtu aliyelelewa kuwa daraja kati ya pande mbili hawezi kutembea upande mmoja tu. Lakini waliobaki Chiang Mai bila kuondoka hata siku moja nao walikuwa wakibadilika, chini ya shule za serikali zilizofundisha kwa Kithai cha Bangkok, na hakuna aliyekuwa akiwaandikia sketi za bibi zao.

Alifariki tarehe 9 Desemba 1933 akiwa na miaka 60. Mwaka mmoja kabla, mapinduzi yalikuwa yameung'oa ufalme usio na mipaka huko Bangkok. Mwaka 1935 sheria mpya ya ndoa iliweka mke mmoja kwa mume mmoja. Mwaka 1939 alifariki nduguye Kaeo Nawarat, mtawala wa mwisho wa Chiang Mai, na hakuteuliwa mwingine.

Jumatatu nitarudi kwa yule mwanafunzi. Nitamwambia kwamba Dara Rasmi aliingia kasrini akiwa na cheo ambacho Kiswahili kimekifasiri vibaya kwa neno suria, akaondoka na cheo kilichokaribia cha malkia, na kwamba katikati ya vyeo hivyo kulikuwa na misitu, deni na mtoto mmoja. Kisha nitamwonyesha picha nyingine, ya uwanja wa Wat Suan Dok na makaburi yake meupe. Majivu ya Dara Rasmi yaligawanywa mara mbili: sehemu iliwekwa hapo, pamoja na baba zake, na sehemu ilipelekwa Bangkok, katika makaburi ya kifalme ya Wat Ratchabophit.